Kutoka Bagamoyo kwenda kuitazama maktaba ya Tanga

Jumatatu, Bagamoyo

Mtaa wetu umepata chumba. Ni kile kilichokuwa ghala la ushirika, nyuma ya ofisi ya kata: kuta nzima, bati halivuji, madirisha mawili yenye nondo. Kamati ilikubaliana haraka kwamba kiwe chumba cha kusomea, na makubaliano yakaishia hapo hapo. Vijana wanataka kompyuta. Mweka hazina, mwenye duka la saruji na mabati, anauliza maktaba ya nini zama hizi wakati kila mtoto ana simu. Mzee mmoja anataka magazeti na bao la kete, mengine yote kwake ni sawa tu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, basi kazi za makaratasi zinaniangukia. Nikaambiwa: nenda Tanga, kaa kwenye maktaba ya mkoa, tazama watu wanafanya nini mle ndani, kisha urudi utueleze. Nauli imetoka kamati. Malazi ni kwa ami yangu, Ngamiani.

Kwa nini Tanga, na Dar es Salaam iko pua na mdomo? Dar ndiko iliko Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na jengo la ukubwa ule lingetutia unyonge bure. Tanga nayo ni jiji, lakini jiji la baiskeli, baraza na kahawa. Mambo yake tunayaelewa.

Kabla ya kufunga mkoba nilipita chuoni. Wengi wa hapa hapa Bagamoyo wanaijua TaSUBa, taasisi ya sanaa, kwa ngoma na maigizo, wanaijua Kaole kwa magofu, ila hawana habari kwamba mji wao unafundisha wakutubi. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kipo tangu 1989, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukimkuta mhudumu wa maktaba Songea au Bukoba, usishangae akikuuliza bei ya pweza sokoni kwetu.

Nilikwenda na daftari, nikitegemea mwalimu wa pale ataniandikia orodha ya vitabu vya kuanzia. Hakunitajia hata kimoja.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "saa nane mchana, jua la utosi, mtoto katoka shule yuko mlangoni. Ufunguo anao nani?"

Nikamwambia atakuwa nao mtendaji wa kata.

"Na mtendaji akiitwa wilayani?"

Tukaangaliana. Akacheka, akatuma soda, na tukazungumza hadi adhana ya alasiri. Nilichokiandika ni hiki. Enzi za mkoloni kulikuwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1948, na huduma ya maktaba ya wakati ule kwa sehemu kubwa ilikuwa makasha ya vitabu yaliyotumwa mahali hadi mahali. Baada ya Uhuru ikatungwa sheria ya mwaka 1963 ya kuunda bodi ya maktaba, kisha ikaja ya 1975 iliyochukua nafasi yake. Kwa hiyo maktaba ya umma si hisani ya mtu, ina sheria yake. Hata ile namba ndefu ya ISBN ya kukitambulisha kitabu, inayokaa nyuma ya jalada, mwandishi wa Tanzania anaiomba kwa Bodi hiyo hiyo. Hilo nililiwekea nyota, maana kuna mtunzi wa mashairi mtaani kwetu ana miswada mitatu ndani ya mfuko wa nailoni na anaamini mambo hayo ni ya watu wa Ulaya.

Jumanne, njiani

Kosta ya Msata ilijaa kabla sijapata pa kuweka miguu. Lami ya Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, unavuka Ruvu, unaona mashamba ya mananasi yanauzwa vipande vipande kwa watu wa mjini. Msata nikadandia basi la Tanga.

Kijana aliyekaa pembeni yangu alikuwa akisoma noti kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa bidii kweli, anakuza herufi kwa vidole, anarudi nyuma, anakuza tena. Anasomea uuguzi. Tulivuka Wami, tukafika Mkata, na Mkata bando likakata. Akaipindua simu juu ya paja, akasinzia mpaka Segera. Nimemwandikia mweka hazina habari hiyo bila maelezo ya ziada.

Segera tunaiacha njia ya Moshi na Arusha, tunakunja kulia kuelekea pwani, kilomita 70 na ushei za katani. Hale, Muheza. Muheza kila dirisha la basi lina mkono wenye machungwa. Kutoka hapo ndipo gari za Amani hupanda mlimani, kule ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na maktaba yake ya kisayansi. Mtu aliyezaliwa chini ya mlima ule angeweza kuishi na kufa asijue kuna vitabu vya aina hiyo juu ya kichwa chake, kwa kuwa havikuwekwa kwa ajili yake. Sisemi kwa ubaya, watafiti nao wanahitaji vitabu vyao. Ila maktaba ya umma ni kitu kingine kabisa, na tofauti iko mlangoni: nani anaruhusiwa kupita bila kuulizwa anatoka wapi.

Stendi ya Kange jua linazama. Bajaji mpaka Ngamiani, Barabara ya 12.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Waja leo, waondoka lini?"

Watu wa Tanga na maneno yao. Kumbe samaki wa kupaka ashapikwa.

Jumatano, Tanga

Jengo la maktaba ni la miaka ya 1950, lilipewa jina la kumkumbuka Mfalme George wa Sita wa Uingereza aliyefariki 1952. Jina hilo sasa halina mwenyewe. Mwambie dereva wa bajaji "Maktaba" na utashushwa mlangoni. Mafundi wake walijua joto la pwani: kuna ua wa ndani na matao, na upepo wa bahari unapata njia ya kupita.

Niliingia mapema, nikajitambulisha, nikaomba kukaa tu. Mkutubi aliyenipokea, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliona ombi langu ni la ajabu kidogo. Wageni wengi humwuliza idadi ya vitabu. Akanionyesha kiti cha pembeni. "Kaa hapo mwalimu, utaona mwenyewe. Ila mwezi huu ukiinuka usikiache kiti muda mrefu."

Ni Oktoba. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na nusu ya Tanga yenye umri wa miaka kumi na saba ilikuwa mle ndani. Diskasheni zinafanyika nje, wanasimama wanne watano wakibishana juu ya swali la fizikia kutoka mitihani ya nyuma. Ndani ni kimya, kimya cha kweli, unasikia kurasa na feni.

Mkabala nami alikaa binti mwenye hijabu nyeupe ya shule. Mbele yake kitabu cha baiolojia kimefunguliwa kwenye mchoro wa figo. Alikuwa anaunakili. Kwanza alipima ukurasa kwa rula, akaweka vinukta vidogo kwa penseli kwenye daftari, kisha akachora mstari mmoja mmoja, mrija unaozunguka, kifundo cha mishipa, mpaka majina yote yakawa mahali pake. Akalinganisha. Akafuta mshipa mmoja akaurudia. Kazi ile ilimchukua sehemu kubwa ya asubuhi, na alipomaliza ilikuwa dhahiri kwamba mchoro haukuwa tu kwenye daftari, ulikuwa umeshaingia kichwani. Tulipotoka kununua mihogo ya kukaanga nikamwuliza kama nyumbani hana kitabu hicho.

"Ninacho, mwalimu. Cha kaka, toleo la zamani."

Sasa kwa nini anakuja huku?

"Nyumbani nikishika kitabu naonekana sina kazi. Mara chota maji, mara mshike mtoto, mara kimbia dukani. Si kwamba mama hataki nisome, hapana. Ila mtu aliyekaa anatumwa. Nikisema naenda maktaba, mama huyo huyo ananipa nauli."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulisikia jambo hili likisemwa wazi hivyo. Sisi tunaohimiza watoto wasome huwa tunahesabu vitabu, tunahesabu madawati, tunalaumu simu. Hatuhesabu ruhusa. Mtoto wa kike wa uswahilini ana saa chache sana ambazo mtu mwingine hawezi kuzidai, na saa hizo lazima ziwe na anwani, mahali penye jina ambalo mama anaweza kulitaja kwa jirani bila wasiwasi. "Yuko maktaba." Hakuna anayeuliza zaidi. Tuisheni inalipiwa, na ina maneno yake mtaani. Kwa rafiki ndiyo usiseme kabisa. Maktaba ni mahali pa heshima, pana mtu mzima, pana mlango ulio wazi, na kuingia hakukuondolei mfukoni pesa ya maana.

Mchana mkutubi akapata nafasi, akanitembeza kwenye rafu. Ukitaka kujua anavyovipenda vitabu vyake mtazame anavyovisukuma mgongo viwe mstari mmoja huku anazungumza mambo mengine. Alinionyesha 896.392, ndipo fasihi ya Kiswahili inapokaa katika mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, karibu na mwisho wa fasihi za dunia. "Waliopanga walituweka mkiani," akasema, "lakini rafu hii ndiyo inayovurugika kuliko zote, kila jioni naipanga upya." Nikavuta kitabu cha hisabati kwenye rafu ya jirani. Ukurasa wa mbele kuna karatasi ya tarehe za kurudisha, na juu yake imegandishwa nyingine, na juu ya hiyo nyingine tena, mihuri imebanana hadi pembeni. Jalada lilishashonwa kwa uzi mnene wa viatu. Kitabu hicho kimefaulisha watu wangapi, hakuna mtihani wa taifa unaopima.

Utaratibu wa kuazima ni ule ule wa miaka yote: fomu, picha ndogo, mdhamini, ada ya uanachama. Mdhamini ndiyo kazi. Mama wa genge hana mdhamini mwenye muhuri wa ofisi, na hapo tukabishana kidogo, kwa adabu. Yeye anasema pasipo mdhamini vitabu vinayeyuka. Mimi nasema kwetu mjumbe wa mtaa aweze kudhamini. Akafikiri, akasema mjumbe ni sawa kama naye ataandikiwa jina lake kwenye daftari.

Alhamisi, Tanga

Leo nilikaa karibu na meza ya magazeti. Wazee wanafika na kofia zao za vito, kila mmoja ana ukurasa wake anaouanzia, na gazeti moja linaachanishwa mara nne lisomwe na watu wanne kwa pamoja. Mwenye michezo akimaliza anapokezana na mwenye matangazo ya vifo. Ukipiga hesabu ya bei ya gazeti kwa siku, na pensheni za hawa wazee, utaelewa kwa nini wanatembea kutoka Makorora na Chumbageni.

Majira ya saa nne akaingia kijana wa bajaji, funguo bado zinaning'inia kidoleni, akaenda moja kwa moja kwa mkutubi na kuzungumza kwa sauti ya chini. Yule mama akainuka, akarudi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kijana alikuja kukaa meza yangu kwa kukosa nafasi kwingine. Baada ya dakika chache akaniuliza kama mimi ni mwanasheria. Nikasema mwalimu. "Basi nisaidie mwalimu, Kiingereza hiki kimenizidi kimo."

Babake ana shamba Mkinga, minazi na mihogo, alilipata kwa wazee wake. Amekuja mtu na karatasi anasema ameuziwa. Mtendaji wa kijiji anasema suala liko juu yake. Tukasoma pamoja, mimi nikitafsiri kwa kusitasita, mpaka tukafika kwenye mambo ya hatimiliki ya kimila na nafasi ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji katika kugawa ardhi. Akanakili namba za vifungu kwenye kiganja, kisha akaona haitoshi, akaomba karatasi. "Kumbe kuna mkutano mkuu," akawa anarudia. "Huo mkutano haujaitwa." Akavaa kofia yake akatoka mbio, bajaji ilikuwa inakula muda.

Sijui kesi yake itaishaje. Wakili angeweza kumwambia hayo hayo kwa dakika kumi, kwa bei ambayo bajaji haiitoi kwa wiki. Na ndiyo, sheria hiyo ipo kwenye simu pia. Lakini huwezi kutafuta kitu ambacho hujui kinaitwaje. Yeye alikuja na "kuna mtu anataka shamba la baba," na mkutubi ndiye aliyeyageuza maneno hayo kuwa jina la sheria. Kazi hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote, na ndiyo kazi yenyewe.

Upande wa watoto nilipita tu, walikuwa wadogo watatu na bibi mmoja anayewasubiri huku anasuka ukili. Bibi hajui kusoma, aliniambia bila kuona haya. Anawaleta, anawaambia wamsomee kwa sauti, wakinong'ona anawafinya.

Jioni, barazani kwa ami, nikamwuliza kama aliwahi kuingia mle. Ami alikuwa karani wa reli hadi alipostaafu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Mwanangu, mimi Kiingereza cha kupandia cheo nilikipata pale. Nilikuwa mpiga chapa, nikitoka kazini naingia, nasoma mpaka wafunge. Mama yako mdogo alidhani nimepata mke mdogo." Mama mdogo kutoka ndani: "Nilikufuata siku moja nikakuona kwa dirishani, ndipo nikalala."

Tukaingia kwenye habari ya vitabu vya msaada. Kuna shirika la Uingereza, leo linaitwa Book Aid International, lilianzia mwaka 1954 kwa mke wa gavana wa Bahamas, Lady Ranfurly, aliyekusanya vitabu kwa ajili ya watu wa huko, na vitabu vyake vimefika maktaba nyingi za Afrika, za kwetu zikiwamo. Msaada wa namna hiyo, wenye mtu wa kuchagua na wa kupokea, sina neno nao. Neno langu ni kwa maboksi yanayomwagwa. Niliwahi kufundisha shule moja, siitaji, iliyoletewa shehena nzima: vitabu vya kuteleza kwenye theluji, kodi ya mapato ya nchi za watu, katalogi za mashine za kufulia. Mkuu wa shule akapiga picha na wageni, chumba kikafungwa kufuli, na kufuli hilo nililiacha pale pale nilipohama. Kuna njia nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini 1991, ulinunua sehemu ya nakala kutoka kwa wachapishaji wa hapa hapa na kuzipeleka mashuleni. Mwandishi anakula, mchapishaji anapumua, mtoto anasoma habari za watu wanaofanana na mjomba wake. Ningekuwa na hela za kamati zote, ndiko ningezipeleka.

Ijumaa

Nusu siku tu, mji wote unajiandaa kwa sala. Baada ya sala, kahawa na kashata.

Mzee mmoja wa barazani, aliyekuwa mwalimu wa kisomo, alisema jambo lililonikaa. Sensa ya 1967 ilikuta kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na yeye akawa anafundisha usiku kwa taa ya chemli, wakulima wa katani wametoka shambani mikono imechanika. Walijifunza. "Halafu?" akauliza mwenyewe. "Ukimfundisha mtu kusoma ukampeleka mahali pasipo na cha kusoma, miaka mitatu anarudi kuweka dole gumba." Alisema zile maktaba za vijiji za enzi zile ziliwekwa kwa sababu hiyo, ili kisomo kisifutike. Mwenziye akamkumbusha kwamba Tanga kusoma hakukuanza na Uhuru: gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa, kwa Kiswahili, tangu 1904, shuleni kwa Wajerumani. Wakaanza kubishana ni shule ipi hasa na ilikuwa wapi, nikawaacha.

Jumamosi, Machui

Ami alikataa niondoke bila kwenda Machui. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na hapo, mwaka 1909, na Machui ndiko alikozikwa 1962. Tulipanda bodaboda mbili. Yangu iliendeshwa na kijana ambaye shule aliishia kidato cha pili, na jina hilo alilijua, ingawa vitabu vyake, alisema, "tulisomewa vipande tu, vya kujibia maswali."

Tulisoma Fatiha, tukakaa kivulini. Mtu huyu alikuwa karani wa forodha tangu 1926, mtumishi wa serikali kwa maisha yake yote ya kazi, bila chuo kikuu, na aliandika nathari na ushairi ambao mpaka leo ndio unaovuruga rafu ya yule mama. Nikapiga hesabu ya miaka: alikufa mwaka mmoja kabla ya sheria ya maktaba kutungwa. Alijenga wasomaji wake bila maktaba ya umma ya taifa hata moja. Ami akasema hiyo ndiyo hoja ya mweka hazina wangu: mwenye kipaji atasoma popote. Huenda. Lakini yule mwenye bodaboda, aliyesomewa vipande, naye ana haki ya kitabu kizima, na yeye si Shaaban Robert wala hajaomba kuwa. Nilimwambia rafu ilipo. Akasema maktaba ameipita mara elfu, akidhani ni ya wanafunzi tu. Nimekwisha kusikia neno hilo kwa muuza mihogo pia, na kwa jirani wa ami. Katika yote niliyoyaona Tanga, hili ndilo linalonitia wasiwasi kwa chumba chetu: watu hawaogopi vitabu, wanaogopa kuonekana wameingia mahali pasipo pao.

Jumapili, ndani ya basi kurudi

Naandika juu ya goti, msamehe mwandiko. Ripoti ya kamati itakuwa hivi.

Kompyuta zisubiri. Vitabu navyo visitangulie. Kitangulie kiti, meza pana ya kukaa wanne wanne, na taa nzuri, kwa sababu wengi watakuja na vitabu vyao au vya kuazimana, wanachokosa ni pa kukaa na ruhusa ya kukaa. Magazeti mawili kila siku, mzee wetu atafurahi, na wazee wakikaa mle mabinti watapewa ruhusa na mama zao. Bao la kete likae nje. Nakala za Sheria ya Ardhi ya Vijiji na Sheria ya Ndoa ya 1971, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili chepesi, ziwe juu ya meza, zisifungiwe kabatini. Ubao wa mlangoni usiandikwe "Maktaba ya Wanafunzi" hata shule ikichangia. Mjumbe aruhusiwe kudhamini. Atakayeleta vitabu vya msaada alete orodha kwanza, na sisi tuwe na uhuru wa kusema hapana.

Kubwa kuliko yote ni mtu. Awe amelipwa, awe na ufunguo wake, awepo saa nane mchana. Pale chuoni kuna wanafunzi wanaotafuta pa kufanyia mazoezi ya kazi. Nitakwenda kuomba wawili kwa zamu wakati tunatafuta mshahara wa mmoja wa kudumu.

Nimempigia mweka hazina simu tulipokaribia Wami, nikamsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si kawaida yake. Akauliza mshahara wa huyo mtu utatoka wapi. Nikamwambia kodi ya fremu mbili za mbele ya ghala, ambazo hivi sasa anaweka saruji yake bure. Tukavuka Wami bado hajajibu, ila simu hajakata, namsikia anapiga hesabu kwa sauti.